Zamu ya Kumgeuza Bibi

Juzi nililia kwenye duka la dawa mjini Moshi, mbele ya watu, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Nilikwenda kununua dawa ya mafua. Binti wa dukani alikuwa amemwaga spiriti kidogo juu ya kaunta akawa anaifuta kwa pamba, na mama aliyekuwa mbele yangu alikuwa amefungua kopo la poda ya watoto aijaribu kiganjani. Harufu zile mbili zikanipata kwa pamoja. Nikashika ukingo wa kaunta. Binti akaniuliza, "Mama, unajisikia vibaya?" Nikamjibu ni mafua tu. Ningemwambia nini? Kwamba spiriti na poda ndiyo harufu ya mgongo wa bibi yangu, na kwamba nimekaa karibu miaka thelathini bila kuinusa?

Wenzangu wa umri wangu mtaikumbuka miaka ile. Mitumba ilikuwa imeanza kujaa soko la Kiboriloni, na sisi watoto tulivaa makoti tukiamini kabisa kuwa ni ya Wazungu waliokufa. Huku kwetu Kibosho watu walikuwa wameanza kung'oa mibuni ambayo baba zao waliitunza kama watoto, wakapanda nyanya. Stoo ya kahawa ya marehemu Babu ilibaki tupu, ina magunia mawili makuukuu na panya waliokonda. Babu mwenyewe alikuwa amelala mteremkoni chini ya nyumba, ndani ya kihamba, shamba letu la ukoo, katikati ya migomba, na kaburi lake lilizungushiwa masale, yale majani marefu ya kijani ambayo kwetu hupandwa makaburini na mipakani.

Ndani ya nyumba tuliishi watatu. Wazazi wangu walikuwa wanahangaika na maisha Dar es Salaam, wakaniacha kwa Bibi nikiwa bado mdogo. Bibi alikuwa amepooza. Upande wake wa kulia ulikufa siku moja akiwa anachuma kahawa, na ulimi nao ukaenda, ukabakiza sauti moja ya kooni ambayo mimi niliielewa na wageni hawakuielewa. Wa tatu alikuwa Shangazi Epifania, dada yake baba, muuguzi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye wodi za mjini. Habari za Bibi zilipomfikia aliiacha kazi ile akarudi nyumbani, akapata nafasi kwenye zahanati ya misheni, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nasikia palikuwa na mwanamume aliyetaka kumwoa. Yule bwana alisubiri, akachoka, akaoa kwingine, na sikuwahi kumsikia Shangazi akimtaja hata kwa bahati mbaya.

Alikuwa mwanamke wa mikono. Glovu za zahanati zilikuwa chache, kwa hiyo zilifuliwa na kutumika tena, na mara nyingine alizileta nyumbani akazifua na kuzianika kambani katikati ya nguo zetu, vidole vikining'inia. Nilipokuwa mdogo zaidi niliamini ni ngozi ya mikono yake, kwamba anaivua akitoka kazini. Sikuona ajabu yoyote. Niliona ni haki yake mtu anayefanya kazi vile kuwa na mikono ya akiba.

Kazi yake kubwa nyumbani ilikuwa mgongo wa Bibi. Kila baada ya saa mbili Bibi aligeuzwa: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia kwa muda mfupi kwa sababu huo ulikuwa hausikii maumivu, halafu kushoto tena. Chini ya visigino na katikati ya magoti kulikaa mito midogo aliyoishona kutoka kwenye nguo za mitumba. Asubuhi na jioni alimsugua mgongo kwa spiriti, akaukausha, akaupaka poda, na mimi niliruhusiwa kusambaza poda kwa kiganja. "Mtu akilala upande mmoja, kitanda kinamla," aliniambia. "Na kikishaanza hakishibi." Nilikitazama kile kitanda cha mninga kwa hofu kubwa. Nilikichungulia mpaka chini kwenye mbao, nikitafuta mdomo.

Shangazi akiwa kazini, jirani yetu Mama Aloyce alikuja kumgeuza Bibi, na mimi nikitoka shule nilimsaidia. Jumamosi moja Mama Aloyce alikuwa na mikungu yake ya ndizi ya kupeleka sokoni. Shangazi akaniambia, kwa vile sasa nina miaka kumi na nguvu za kutosha, nitamgeuza mwenyewe. "Ukisikia kengele ya saa sita kanisani, unamlaza kushoto. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa, na nilielewa kweli. Lakini wenzangu walikuwa kwenye mteremko wa mtoni, wanateleza kwa magome ya migomba, na mvua ya asubuhi ilikuwa imeufanya udongo uwe laini kama sabuni. Kengele niliisikia. Nikasema nateleza mara moja tu.

Nilirudi jua limeshaanza kushuka. Shangazi alikuwa amenitangulia. Bibi alikuwa amelowa, na kwenye nyonga yake ya kulia palikuwa na doa jekundu la ukubwa wa kifuniko cha chupa. Shangazi alilibonyeza kwa kidole, akaachia. Doa halikubadilika, lilibaki jekundu vilevile; kitanda kilikuwa kimeanza kumla. Akalibonyeza tena. Hakunipiga na hakunigombeza, alivuta pumzi tu akaenda kuchemsha maji. Laiti angenichapa, maana tungekuwa tumemalizana. Alihangaika na doa lile zaidi ya wiki mpaka likafifia, na siku zote hizo hakulitaja.

Haikupita muda Shangazi akaenda mjini peke yake, akarudi na mfuko wa dawa, na kuanzia siku ile akawa mtu mwingine. Alihamisha godoro lake akalipeleka stoo ya kahawa. Akajitengea sahani, kikombe na kijiko. Kunisuka nywele akaacha, akamwomba Mama Aloyce anisuke. Zamani tulikula mtori wetu wa ndizi bakuli moja, yeye akinisukumia vipande vya nyama upande wangu huku akijifanya haoni. Sasa nilikula peke yangu. Kazini aliacha kwenda, akawa anashinda nyumbani mchana kutwa, na bado hakumgusa Bibi. Hilo ndilo lililonishinda kabisa. Alisimama mlangoni mwa chumba, hatua zote za chumba zikiwa kati yake na kitanda, ameziba mdomo na pua kwa kanga, akaniamrisha mimi.

"Usivute, Manka. Ukivuta unachubua ngozi. Mkunje goti kwanza, goti lenyewe litamgeuza."

"Mzito, Shangazi."

"Si mzito. Umesimama mbali naye. Sogea, mkumbatie."

"Siwezi."

"Unaweza. Rudia."

"Mbona wewe huji kunisaidia?"

Kanga ilipanda na kushuka mdomoni kwake. "Rudia, mama," akasema.

Nilirudia nikilia, makamasi yakinidondoka juu ya shuka. Nilimgeuza Bibi kabla ya shule na baada ya shule, na wakati nikiwa shule Mama Aloyce alishika zamu. Nilijifunza kumwosha, kumbadilisha, kumlisha kwa kijiko kwa upande wa mdomo uliokuwa hai. Mikono iliniuma. Na katika akili yangu ya miaka kumi kila kitu kilikaa mahali pake: nilikuwa ninaadhibiwa. Doa lile lilikuwa limemtoa Shangazi roho ya kunipenda. Ile kanga usoni, nilijua, ni kwamba ninamtia kinyaa. Nilianza kujinusa kwapa.

Sasa, kwetu Uchagani mtu aliyekosa sana ana njia. Unakata isale, yaani jani moja la masale, unalipeleka kwa uliyemkosea, na akiliona hawezi kukataa. Nilikuwa nimeshuhudia kwa macho yangu. Baba mdogo Deo, kitinda mimba wa Bibi, aliwahi kugombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba hadi wakashikana mashati, na wiki iliyofuata akaenda na isale mkononi. Yule jirani alikuwa amekunja uso kiasi kwamba nilidhani atamtemea mate. Lakini alilipokea. Halafu wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kata moja, na mambo yakaisha. Nilikumbuka sana hilo la kata moja. Kulipokea tu hakutoshi, lazima mle au mnywe pamoja.

Mtoto haendi na isale peke yake, hilo nalijua leo. Anatumwa, anasindikizwa, kuna mtu mzima wa kusema maneno. Mimi sikuwa na wa kumwambia. Jumapili baada ya misa nilichukua kisu cha jikoni, nikashuka kihambani, nikakata isale lililokuwa karibu kuliko yote, refu, lisilo na doa. Nikapanda nalo mpaka stoo ya kahawa. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni juani, amejifunika blanketi na jua lote lile.

"Simama hapo hapo," akasema. Nikasimama. Kisha akaona nilichoshika.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Umelikata wapi?"

"Kwa Babu."

"Kwa Babu wapi?"

"Kaburini."

Alinitazama, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, akainama, akageuzia uso ukutani, na mgongo wake ulivyokuwa unaruka nikaona mifupa yake yote ikihesabika kupitia nguo. Nilidhani ananicheka mimi. Miaka mingi ilipita ndipo nikaelewa nilichokuwa nimemfanyia. Hakuna mtu mwenye akili anayekata isale la kaburini kwenda kuombea msamaha, na mimi nilimpelekea mwanamke aliyekuwa anakufa.

Aliponyamaza aliniambia niliweke juu ya jiwe la mlangoni na kurudi nyuma. Nikafanya hivyo. Alilichukua, akalilaza magotini.

"Umekosa nini, Manka?"

"Sikumgeuza Bibi. Siku ile ya kuteleza."

"Lile? Lile limeshaisha."

"Basi rudi ndani. Tule mtori bakuli moja."

Kuku wa Mama Aloyce walipita katikati yetu.

"Nimelipokea isale lako, mwanangu," akasema. "Nimelipokea kwa mikono miwili, unaona. Lakini kula pamoja hatuwezi. Kifua changu kibaya, kinaambukiza."

Sikumwamini. Kila mtu kwetu alikuwa na kifua wakati wa baridi, na sikuwahi kuona mtu akihamia stoo kwa sababu ya kifua. Nilirudi ndani najikaza, nikamgeuza Bibi, na ilipofika zamu ya kumpaka poda nikashindwa, nikaweka uso wangu mgongoni kwake nikalia. Isale halikataliwi. Hata yule jirani mwenye sura ya mbogo hakulikataa. Mimi peke yangu katika Kibosho nzima nilikuwa nimefanya kosa ambalo isale haliliwezi.

Niliishi na mzigo huo wiki kadhaa. Nikawa sisemi na Shangazi zaidi ya ndiyo na hapana. Alipotoa maelekezo mlangoni niliyafuata bila kumtazama. Na yeye alizidi kukonda, sauti yake ikawa nyembamba, lakini zamu hakuikosa hata moja. Saa ilipofika alikuwa mlangoni, ameshika ukuta.

Baba mdogo Deo alikuwa anafanya biashara Holili, anavusha bidhaa mpakani, na alikuja mara moja moja na pikapu yake akiwa na sabuni na mafuta ya kula. Siku moja alikuja mchana. Mimi nilikuwa nyuma ya stoo, nakatakata majani ya ng'ombe, na ukuta ule ulikuwa wa mbao zenye nyufa.

"Dada, twende hospitali," nilimsikia. "Utafia humu stoo kama mtu asiye na ndugu."

"Kule pia nitakufa. Dawa zimenikataa, Deo. Nimesoma karatasi zangu mwenyewe. Nimewasomea wengine wangapi?"

"Usiseme hivyo."

"Nikienda leo, Mama abaki na nani? Mke wako atakuja kumgeuza?"

Nilimsikia Baba mdogo akikaa chini juu ya gunia.

"Mimi nimegeuza wazazi wa watu tangu nikiwa msichana," Shangazi akasema. Alikuwa anapumzika kila baada ya maneno machache. "Nimeosha migongo iliyooza mpaka mfupa unaonekana, na mtu yuko hai, anakutazama. Mama asifike huko. Sina ombi lingine kwa Mungu, mengine yote nimeyaacha. Nataka kumgeuza mwenyewe, na siwezi kumsogelea. Nikimsogelea namuua."

"Tutatafuta mtu."

"Yupo. Yule mtoto. Mikono yake inasikia, hajui tu. Bado hajamudu kumwinua peke yake. Nipe mwezi mmoja."

"Manka ni mtoto, Dada."

"Najua ni mtoto. Nimemfanyia ukatili na ninajua. Ananichukia, naona machoni pake. Acha anichukie, mradi ajue."

Nilisimama pale na panga mkononi na majani yakiwa yamenishika miguuni. Mambo mawili yaliingia kichwani kwa wakati mmoja na sikuwa na pa kuyaweka. Shangazi alikuwa anakufa. Na Shangazi alidhani ninamchukia. Nilichotakiwa kufanya ni kuzunguka kona ya stoo, hatua tano, niseme sikuchukii. Sikuzunguka. Niliogopa kwamba atajua nilikuwa nasikiliza, na mtoto wa kuchungulia mazungumzo ya wakubwa alichapwa. Fikiria upumbavu huo. Nilimaliza majani, nikampa ng'ombe, nikaingia ndani, na zamu ilipofika nikamgeuza Bibi vizuri kuliko siku zote, nikamkunja goti, nikamkumbatia, akageuka bila shuka kujikunja hata mkunjo mmoja. Nikatazama mlangoni.

"Vizuri," Shangazi akasema.

Nilitumaini ameelewa. Kila zamu nilitumaini hivyo. Mwezi aliouomba haukutimia.

Siku Baba mdogo alipokuja kumchukua, alishindwa kufika kwenye gari kwa miguu yake. Lakini aliomba kwanza apitishwe ndani. Akasimama mlangoni mwa chumba, Baba mdogo amemshika kiuno. Bibi alikuwa amelala ubavu, anatazama mlango. Nilikuwa nimempanga hivyo makusudi.

"Shikamoo, Mama," Shangazi akasema.

Bibi akatoa ile sauti yake. Halafu akauinua mkono wake wa kushoto, ule ulio hai, akaunyoosha kuelekea mlangoni, vidole vikifunga na kufunguka. Alikuwa anamwita. Shangazi akaushika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili, na Baba mdogo akamwambia taratibu, "Nenda, Dada. Mara moja tu." Shangazi akatikisa kichwa. Mkono wa Bibi ukabaki hewani. Sijawahi kuona tena mtu akimpenda mtu kiasi kile, na natamani nisingeona hata mara ile.

"Manka," Shangazi akasema. "Mshike wewe."

Nikaushika mkono wa Bibi. Nilipogeuka kusema lile neno langu, mlango ulikuwa wazi na pikapu inawashwa.

Alirudi ndani ya jeneza baada ya siku tisa. Wengine kijijini walinong'ona kuhusu ule ugonjwa mwingine ambao miaka ile hatukuutaja kwa jina, kwamba kifua peke yake kinatibika, kwamba sindano za kazini, kwamba yule mwanamume wa zamani. Sijui, na nimeacha kutaka kujua. Alizikwa kihambani karibu na Babu, kwa kuwa binti asiyeolewa hulala kwao. Padri alipokuwa bado anasoma, kengele ya saa sita ikalia. Nikatoka katikati ya watu nikapanda kwenda ndani. Nyuma yangu mama mmoja alisema huyu mtoto ana moyo mgumu, shangazi yake hata hajafukiwa. Bibi alikuwa macho. Nikamlaza kushoto.

Bibi aliishi miaka miwili mingine. Wazazi wangu walinitaka Dar es Salaam, nikakataa kwa kujitupa chini. Mama Aloyce alishika zamu za shule, mimi nikashika zilizobaki, na usingizini nilikuwa nahesabu saa. Mwishoni hakukuwa na mchana wala sikukuu, kulikuwa na kushoto, chali na kulia. Nilichoka mpaka nikamwomba Mungu amchukue, halafu nikamwomba anisamehe, halafu nikaenda kumgeuza.

Alipofariki, wanawake wa ukoo walikuja kumwosha. Mimi walinitoa nje, eti ni mtoto. Nilikaa kwenye ngazi. Baada ya muda akatoka mwanamke mmoja mzee kutoka upande wa akina Bibi, mikono imelowa mpaka viwikoni. Alikuwa ameosha maiti nyingi za wazee waliolala kitandani muda mrefu, na alijua anachotarajia kukikuta. Akawaambia wanaume waliokaa uani, kwa Kichaga, kwamba amemgeuza marehemu huku na huku, mgongo, nyonga, visigino, na hana kidonda hata kimoja. Miaka yote hiyo kitandani na ngozi ni nzima.

Kisha akauliza, "Nani alikuwa anamgeuza?"

Baba mdogo Deo akanitazama. Mama Aloyce naye akanitazama. Wote wakageuka kunitazama, wakisubiri.

"Shangazi," nikasema.